Mbao za Usambara Chini ya Maji: Mazungumzo kwa Wanunuzi wa Mashua Zilizokwishatumika



Mtu anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto hufuata barabara ya kilomita 33 hivi iliyochongwa ubavuni mwa mlima, na kila kona anayoipita humpunguzia joto la bondeni na kumsogeza kwenye ubaridi. Mji wenyewe umekaa kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na vilele vya safu hiyo vimepita mita 2,000. Huko hakuna mawimbi wala chumvi. Walakini si ajabu ubao ulio karibu na mkuku wa mashua iliyolala Mkoani au Nungwi ukawa umetoka kwenye miteremko hiyo ya Usambara, na mwenye mashua asijue. Mazungumzo haya yahusu namna ya kuusafisha na kuupaka rangi ubao huo, hasa pale chombo kinapokuwa kimenunuliwa kwa mtu mwingine. Lakini hapana budi kuanzia mlimani, kwa kuwa thamani ya kazi hii haifahamiki mpaka ijulikane ubao umetoka wapi na kama utapatikana mwingine.

Udugu wa mlima na bahari si wa jana. Katika karne ya 19 Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa aliyekuwa na makao yake Vugha, alikuwa na madiwani wake pwani baina ya Vanga na Pangani, katika miji ile ile ambayo Sultani wa Zanzibar naye alikuwa na watu wake. Baadaye wakaja Wajerumani. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilijengwa njia ya kamba za chuma, inayopita angani, ya kuteremshia mbao kutoka Shume hadi stesheni ya Mkumbara. Tangu hapo msitu wa Usambara ulikuwa na mlango wa kutokea baharini.

Miti ya huko haifanani kwa tabia. Juu kwenye baridi na ukungu huota mkulo, ambao jina lake la kitaalamu, Ocotea usambarensis, limebeba jina la milima yenyewe. Ubao wake hunukia kama karafuu maiti na hauozi upesi. Chini zaidi, kwenye miteremko yenye joto, hasa upande wa Usambara ya Mashariki, huota mvule, nao ndio unaopendwa na mafundi wa vyombo. Mvule hustahimili maji, haupindi ovyo, na fundi aliyeuzoea huusamehe hata zile chembe ngumu kama jiwe zinazojificha ndani yake na kuvunja meno ya msumeno. Mtiki nao upo, lakini huo ni mti uliopandwa, kama katika shamba la serikali la Longuza, wilayani Muheza.

Katika miaka ya 1970 na 1980 magogo mengi ya Usambara ya Mashariki yaliteremshwa kwenda viwandani. Uvunaji huo mkubwa ulisitishwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, na mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Upande wa Lushoto, msitu wa Magamba nao umewekwa chini ya hifadhi. Sababu ni za haki: misitu hiyo ndiyo inayoshika maji ya mito ya Tanga na Korogwe, na ina viumbe ambavyo havipatikani pengine popote duniani. Kwa mtu wa visiwani, ambaye hana msitu wa mivule nyuma ya nyumba yake, maana yake ni moja: ubao mpana wa mvule ni mali ya kutafutwa kwa taabu na kwa fedha nyingi, na mti unaokatwa leo ulianza kuota kabla mnunuzi hajazaliwa. Mashua kuukuu yenye mbao nzima ni sehemu ya msitu ambao hautakatwa tena.

Ichukuliwe basi kwa mfano hali ya mvuvi wa Pemba aliyevuka hadi Tanga na akiba yake ya miaka, akanunua mashua ya tanga yenye urefu wa mita 8. Ameiona ikielea, imepakwa rangi ya buluu ubavuni na nyeupe kwenye omo, inang'aa. Amelipa, ameandikiana na muuzaji, naye anataka kuvuka nayo kesho yake. Asivuke. Rangi mpya juu ya chombo kuukuu ni jambo la kutiliwa shaka, wala si la kufurahiwa, kwa kuwa brashi ya shilingi chache huweza kufunika ubao uliooza. Baina ya Tanga na Pemba ni mkondo wenye kina kirefu mno, na upepo wake haungoji chombo kikarabatiwe. Kilicho juu ya maji kimeonekana. Kilicho chini ndicho kitakachoamua kama watu watafika.

Kwanza kipandishwe. Desturi ya mwambao ni kungoja bamvua, yaani siku mbili hivi baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Katika maji ya Zanzibar tofauti ya kujaa na kupwa hufikia karibu mita 4. Siku hizo maji hupwa kabisa kiasi cha saa nne au saa tano za asubuhi, jambo ambalo ni rehema kwa fundi, kwani hufanya kazi kwenye mwanga. Chombo huingizwa maji yakiwa yamejaa, husimamishwa kwa magadi pande zote mbili, na maji yakitoka hubaki kimekaa juu ya mkuku wake. Magadi yawekwe penye taruma, si katikati ya ubao, na yafungwe kamba. Mashua iliyoanguka juu ya mtu aliyekuwa akikwangua chini yake haihitaji kuelezwa zaidi.

Hapa mwenye chombo ana njia mbili, na kila moja ina gharama yake. Akikiweka chini pwani, atapata saa chache tu za kazi kabla maji hayajarudi. Zinatosha kukwangua, hazitoshi kukausha na kupaka vizuri. Akikipandisha juu kabisa wakati wa kilele cha bamvua, atapata muda wa siku kumi na nne hivi mpaka bamvua nyingine. Walakini bamvua mbili zinazofuatana si lazima zilingane. Aliyepandisha kwenye bamvua kubwa huenda akakuta inayofuata haimfikii, chombo kikapwelewa mwezi mzima, na jua likazifungua mbao zote. Kwa hiyo jedwali la maji litazamwe kabla ya kupandisha, wala si baada yake.

Kukwangua kuanze siku ile ile, uchafu ungali na unyevu. Majani na ute hutoka kwa ufagio mgumu wa makuti. Vile viumbe vyenye magamba makali vinavyogandamana na mbao hutoka kwa upesi vikiwa vibichi, lakini vikikauka hushika kama saruji, na anayevigonga baadaye hung'oa na nyuzi za mbao. Kikwangulio kiwe kipana, pembe zake zimepigwa tupa ziwe mviringo, kiende kwa kufuata mshipa wa ubao. Chini ya chombo kitandazwe turubai au tanga kuukuu, na uchafu wote uchukuliwe ukafukiwe mbali na pwani na visima. Jambo hili hudharauliwa. Vumbi la rangi kuukuu lina shaba, na kwenye vyombo vya zamani huenda lina risasi au sumu kali zaidi. Nalo likiachwa pwani huchukuliwa na maji hadi kwenye mwani. Akina mama wa Paje na Jambiani, na wa vijiji vingi vya Unguja na Pemba, wamekuwa wakilima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Si uungwana kusafisha chombo cha mtu mmoja juu ya shamba la watu mia.

Baada ya kukwangua, chombo kioshwe kwa maji ya kisima, si ya bahari, kwani chumvi iliyobaki chini ya rangi huvuta unyevu na kuibambua. Hapo ndipo uchunguzi huanza. Mkaguzi hugonga kila ubao kwa nyundo ndogo akisikiliza. Ubao mzima hujibu kwa sauti ya ukavu. Ulioliwa hujibu kama dafu tupu. Penye shaka huchoma kwa msharasi au ncha ya kisu. Achunguze zaidi ubao wa kwanza karibu na mkuku, mahali mbao zinapokutana na omo na tezi, na chini ya usukani, ambako brashi za walionunua kabla yake hazikufika vizuri. Vichwa vya misumari vinavyotoa machozi ya kutu vyatoa habari pia: msumari umekwisha, na ubao umeshikwa na mazoea tu.

Adui mkuu haonekani. Mnyoo wa bahari, ambaye kwa hakika si mnyoo bali ni wa ukoo mmoja na chaza, huingia katika ubao akiwa mdogo kama chembe ya mchanga, kupitia tundu la ncha ya sindano. Magamba yake mawili madogo yako kichwani, naye huyatumia kama tupa. Ndani hukua, hurefuka na kuchimba kwa kufuata urefu wa ubao, ilhali nje hakuna linaloonekana ila lile tundu. Katika karne ya 18 mdudu huyo aliwaogofya Waholanzi kwa kula nguzo za kuta zilizozuia bahari isiwafunike. Ubao wenye afya chini ya rangi nzima humkataa. Mahali rangi ilipokwaruzwa na jabali, au ilipobanduka kwa kutopakwa vizuri, ndipo mlango wake. Pakiwa na hata upana wa kidole pasipo rangi, patosha.

Wazee walikuwa na dawa yao. Chombo kikishapandishwa, waliwasha makuti makavu na kuupitisha moto chini ya tumbo lake, wakiyausha maji ya juu juu na kuwaua wadudu, kisha wakapaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, na juu ya mstari wa maji wakapaka sifa ya papa. Kazi hiyo ilikuwa na harufu isiyosahaulika, na ilifaa. Deheni haiui kiumbe. Huweka ukuta baina ya maji na ubao, na ukuta wenyewe huchakaa upesi, hivyo hupasa kurudiwa mara kwa mara. Kwa mwenye chombo kidogo anayepandisha kila bamvua, pamoja na watoto wake na jirani zake, deheni bado ni dawa halali na ya bei nafuu. Jambo la kukatazwa ni kuchanganya njia mbili: moto wa makuti usipitishwe kamwe kwenye chombo kilichopakwa rangi ya dukani, kwa maana moshi wa rangi yenye shaba au risasi ni sumu kwa anayeuvuta. Mnunuzi asiyejua kilichopakwa na mwenye chombo wa kwanza afanye kama kwamba kilikuwa rangi hiyo.

Rangi za chini ya chombo zilizoko madukani aghalabu hutumia shaba. Elimu hiyo ni ya zamani: mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliivalisha manowari yake moja, Alarm, mabati ya shaba chini yote. Mnyoo hakuingia, lakini baada ya muda iligunduliwa kwamba misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeliwa vibaya mno. Funzo hilo lawahusu moja kwa moja wenye mashua za mwambao, kwa sababu vyombo vyetu hupigwa misumari ya chuma. Kabla ya kupaka rangi ya shaba, kila kichwa cha msumari kisafishwe kutu, kipakwe rangi ya kinga ya chuma, kizibwe kwa lakiri ya mbao au kwa mchanganyiko aliouzoea fundi, ndipo rangi ya shaba ifuate. Kazi hiyo huchukua siku nzima, na mafundi wengi huiruka.

Yapo pia makopo ya kuepukwa. Katika miaka ya 1970 zilienea duniani rangi zenye kemikali ya bati, iitwayo kwa ufupi TBT, ambazo zilisafisha vyombo kwa namna ya ajabu. Kisha wafugaji wa chaza wa Arcachon, Ufaransa, wakaona chaza zao zinaharibika magamba na hazizai. Ufaransa ilizuia rangi hizo kwa vyombo vidogo mwaka 1982, na mkataba wa kimataifa wa kuzipiga marufuku ulipitishwa mwaka 2001, ukaanza kutumika mwaka 2008. Kopo kuukuu lisilo na maandishi, linalouzwa kwa bei ya kutupa, lisinunuliwe.

Kabla ya brashi kuna kalafati. Maungio yaliyolegea hukombwa pamba ya zamani, yakasafishwa, yakatiwa pamba mpya iliyolowekwa mafuta, ikasukumwa kwa patasi na nyundo. Fundi mwema haijazi kwa nguvu nyingi. Mbao zilizokauka zitafura zikirudi majini, na pamba iliyokazwa kupita kiasi huweza kuzisukuma mbao zikaachana na taruma. Ubao uliooza ubadilishwe, na hapa mnunuzi atakumbuka habari za Lushoto na Amani akisikia bei ya ubao mmoja. Asikubali kuwekewa ubao mwepesi kwa kuambiwa kwamba rangi itaulinda. Ubao mwepesi baina ya mivule miwili hufura kwa kadiri yake na huoza kwa wakati wake. Na anapoletewa mvule, aulize umetoka wapi na una kibali gani cha maliasili. Gogo lililoibwa usiku katika hifadhi huweza kumnyang'anya mali hata baada ya kupigwa msumari.

Kiasi cha rangi hukadiriwa kwa hesabu nyepesi: urefu wa chombo kwenye mstari wa maji huzidishwa na jumla ya upana na kina chake kilichozama. Kama mashua ya mfano wetu ina urefu wa mita 8 kwenye maji, upana mita 2.4 na kina mita 0.8, jibu ni mita za mraba 25 na kitu. Ikiwa kopo lasema lita moja huenea mita 8 za mraba, mkono mmoja utahitaji lita 3 na zaidi kidogo, na mikono miwili lita 6 na nusu. Chini ya mikono miwili ni kupoteza fedha. Kwenye mstari wa maji, kwenye mkuku na kwenye usukani, ambako maji na mchanga husugua zaidi, uongezwe mkono wa tatu.

Rangi ikorogwe hasa, mpaka chini ya kopo, kwani shaba ni nzito na hutuama. Asiyekoroga hupaka maji ya rangi juu na kubakiza dawa ndani ya kopo. Isipakwe juani kwenye ubao wa moto, wala alfajiri ubao ukiwa na umande. Anayepaka avae glavu na afunike pua na mdomo, na watoto wasikae chini ya chombo. Mahali palipokuwa na magadi pasisahauliwe: magadi yahamishwe moja moja, lile jingine likiwa limekwisha kazwa, na alama zao zipakwe. Mianya hiyo minne au sita isiyopakwa imeua mashua nyingi kuliko majabali.

Wakati wote huo chombo kifunikwe kwa makuti au turubai dhidi ya jua, na ndani kimwagiwe maji ya bahari kidogo kidogo ili mbao zisifunguke mno. Muda wa kukausha na muda wa mwisho wa kuteremsha umeandikwa kwenye kopo, nao huhesabiwa pamoja na jedwali la maji. Rangi iliyopakwa siku nane kabla ya bamvua huenda ikawa imekaa nje kupita kiasi, na iliyopakwa asubuhi ya kuteremsha haijashika.

Siku ya kuteremsha mwenye chombo asipange safari. Mashua iliyokaa nchi kavu itavuja, hata iliyokarabatiwa na fundi bora, mpaka mbao zifure na kuibana pamba. Ifungwe mahali pa maji mafupi, mtu alale ndani yake na ndoo, na maji yahesabiwe: ndoo ngapi magharibi, ngapi usiku wa manane, ngapi alfajiri. Ikiwa hesabu yapungua, chombo kinajifunga. Ikiwa yabaki ile ile kwa siku ya pili, kuna ungio au tundu lililokosewa, na ni afadhali kurudi kwenye magadi bamvua ingali juu. Mvuvi wa mfano wetu, akiwa bado Tanga, atautumia muda huo kukamilisha hati za mauziano na kuuliza taratibu za kukiandikisha chombo kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini, Zanzibar. Kisha atangoja upepo mwema wa kuvukia.